Wasemaji Wawili wa Mto

Ukuta wa nyuma wa duka la Khatibu pale Bariadi ulikataa kukauka. Alipiga lipu mara ya kwanza, doa likatokea. Akamfukuza fundi, akaleta mwingine, wakabandua lipu yote na kupiga upya, doa likarudi palepale, kwenye usawa wa bega la mwanamume. Mafundi walisema ni bomba linavuja. Hakuna bomba upande ule. Mimi najua ni nini, na nilimwambia Khatibu mwenyewe, kiganja changu kikiwa juu ya ule unyevu: mchanga wa ukuta huu umetoka mtoni kwetu, na mtoni kwetu yumo mwanangu.

Msiseme nimerukwa na akili. Waliosema hivyo niliwajibu vizuri, na hawakurudia. Mimi ni Philomena, mke wa mwenyekiti wa kijiji, naimba kwaya kigangoni kila Jumapili, na shamba langu la pamba ndiko walikokuwa wakipelekwa wageni walipotaka kuona mistari iliyonyooka. Mwenye kichaa hapandi vile. Mimi nina kidonda, na kidonda si kichaa.

Khatibu hakunicheka. Ana malori mawili ya mchanga na duka la vifaa vya ujenzi, na angeweza kuniita mlinzi anitoe. Badala yake alinitolea kiti, akaagiza soda, akaketi nami. Mwishowe akasema, "Mama Luhende, vibali vyangu vyote vipo na vina muhuri. Ila tangu niujenge ukuta huu, mke wangu hakai chumba hiki. Anasema kuna mtu anakohoa."

Nikaiweka soda chini.

Luhende alikuwa na kikohozi cha adabu. Kijana wa kwetu akishakua haingii uani kwa wazazi kama mbuzi. Hukohoa kwanza, ili baba ajue mtu anakuja na mama afunge khanga yake. Wengi hukohoa mara moja. Luhende alikohoa mara mbili, ya kwanza fupi, ya pili ndefu, kwa sababu ndivyo alivyokohoa baba yake kabla ya kusema neno lolote la maana. Mume wangu Anatoli hawezi hata kufungua mkutano bila kikohozi hicho. Nilikuwa nawatania kwamba nimeolewa na redio mbovu, kisha nikaizalia mtoto.

Mwezi wa tatu mto ulijaa ghafla. Mto Simiyu upande huu wetu wa Zagayu, kiangazi ukiuona utaapa si mto, ni barabara ya mchanga. Siku ile kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu, na maji yakaja bila kuaga. Luhende alikuwa anavusha ng'ombe kutoka malishoni. Ng'ombe wote wakapita. Akaangalia nyuma, akaona ndama amebaki katikati, akarudi. Ndama alitoka. Yumo zizini mpaka leo, amenenepa, na mimi siwezi kumtazama.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yanapoanzia. Kwetu mto ukichukua mtu, haingii mwingine majini mpaka mto upigiwe hodi. Kuna nyumba moja yenye kazi hiyo, nyumba ya akina Sayi. Walikuwa hapa kabla ya ukoo wangu, kabla ya ukoo wa mume wangu, kabla hata ya mbegu ya kwanza ya pamba. Mtu wa nyumba hiyo huvua viatu ukingoni, hunyunyiza lwanga, ule unga wa mtama uliokorogwa na maji, kisha hupiga hodi mara tatu kwa jina la aliyepotea. Halafu yeye mwenyewe huitikia karibu, kwa niaba ya mto. Hapo ndipo wanaume huingia na kamba. Padri wetu anajua, na hujifanya hajui.

Sayi wa sasa anakaanga chipsi pale senta. Ana kucha nyekundu na mdomo usiojua kupumzika. Jina lake ni la shangazi wa baba yake, na kazi ilikuja pamoja na jina, hakuulizwa. Siku ile alikuwa Lamadi kununua viazi. Tulipompigia simu alipiga kelele hadi simu ikakwaruza: "Nakuja na bodaboda sasa hivi! Mtu asiguse maji, jamani, nawaomba, asiguse!"

Anatoli alikuwa amesimama ukingoni, maji yanapita mbele yake ya rangi ya chai, na mwanawe yumo humo. Baba gani angesubiri? Alipoambiwa tumngoje Sayi alinguruma, "Serikali haipigi hodi kwa mto. Serikali ya hapa ni mimi, na yule ni mwanangu. Ingieni!"

Wakaingia. Walizama, wakavuta kamba, wakapapasa, wakarudi mikono mitupu. Kesho yake walikuja askari wa uokoaji, wakafanya walichoweza. Maji yalipopungua, tukatembea ukingo mzima tukitazama kila kichaka. Hapakuwa na kitu. Sayi alifika jioni ile ile ya kwanza, viatu mkononi, bakuli la lwanga kwapani. Alitazama nyayo za wanaume kwenye matope, nyayo kila mahali, akakaa chini.

"Mmeshaingia," alisema. "Sasa nipige hodi ya nini?"

Tangu siku hiyo mume wangu hajalitamka jina la mtoto. Kwa kuwa hawezi kulitamka, hawezi hata kuniita mama Luhende kama alivyoniita miaka yote. Ananiita "wewe mama", kama mtu anayeuliza njia. Tulikula sahani moja, tukalala kitanda kimoja, na kati yetu palikuwa na shimo lisilo na maiti.

Kiangazi kikaingia, mto ukakauka, malori yakaja.

Si kwamba malori yalikuwa mapya. Bariadi inajengwa kila kona na mchanga wa Simiyu ni mzuri, kila fundi atakuambia. Ila mwaka huu niliyatazama kwa macho mengine. Kila lori lililopanda kwenda mjini nilijiuliza limembeba sehemu gani. Mkono? Zile mbavu zake nilizokuwa nazihesabu alipokuwa na utapiamlo wa utoto? Niliota mwanangu amegawanywa nyumba kwa nyumba, hapa ukuta wa baa, pale msingi wa kanisa, na mimi nabisha mlango baada ya mlango nikimkusanya kwenye upande wa khanga.

Kisha nikaanza kumsikia mchana kweupe. Sisi huku kiangazi tunachimba visima mchangani, unafukua kwa kata mpaka mchanga ulowe, unasubiri maji yajikusanye. Nilikuwa nimeinama juu ya shimo langu, jua la saa nane, hakuna mtu karibu. Chini ya mchanga mtu akakohoa. Fupi, ndefu. Nikaitikia bila kufikiri, kama nilivyoitikia kila jioni kwa miaka mingi: "Pita, baba." Maji yakatulia kabisa. Nikakimbia, nikaiacha ndoo na kata, na hofu yangu ilikuwa imechanganyika na furaha mpaka nikaona aibu.

Nikaenda kwa Sayi. Alikuwa anageuza chipsi.

"Mwadila, mayu," alisalimia, yaani za mchana, mama.

"Mwadila. Sayi, funga mto. Malori yasimame mpaka mvua, tumtafute."

Alicheka, si kwa dharau, kwa uchungu. "Kwa mamlaka gani, mayu? Mimi ni muuza chipsi. Kibali anasaini mumeo. Siku ile nililia kwenye simu kama mtoto na hakunisikia, leo ndiyo atanisikia?"

Mezani alikuwepo Deogratias, mwalimu wa Uraia wa sekondari, anakula. Huyo ni mtu asiyeweza kusikia mazungumzo ya watu akayaacha. Akafuta mafuta vidoleni, akatoa simu. "Kuna nchi," akasema, "wamefanya mto usemewe na watu wawili."

Ndivyo Wamaori walivyoingia kijijini kwetu, kupitia sahani ya chipsi.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika uwanjani karibu na kivuko, mahali unapouona mto wote. Anatoli alikaa kwenye meza, mtendaji kando yake. Kulikuwa na lori la Khatibu limeshapakiwa mchanga, limesimama juu ya kivuko, dereva anasubiri mkutano uishe apigiwe muhuri. Khatibu mwenyewe alikuwa amekuja, akaegemea tairi, kwa kuwa si mkazi na hana kura. Wanaume walijaa, wanawake tukajaa zaidi.

Deogratias alieleza vizuri, namsifu. Alisema New Zealand ni visiwa mbali sana, na Wamaori ndio waliovikuta vitupu. Wazungu wakaja baadaye. Karibu miaka mia mbili iliyopita machifu wao waliweka mkataba na Waingereza, na tangu hapo hawajaacha kubishana kuhusu kilichokubaliwa. Mto wao mmoja, Whanganui, sheria imeutambua kama mtu. Mtu huyo ana wasemaji wawili, mmoja kachaguliwa na serikali, mmoja na Wamaori wa mto ule. Hakuna kinachoamuliwa na mmoja peke yake.

"Na wananchi wengine wamekubali?" akauliza Masele. Huyu ni mkulima mwenzangu, ana sauti ya kugawa chakula msibani, kila mtu humsikiliza.

"Hawajakubali wote," mwalimu akasema. "Wapo wanaosema huo ni upendeleo, kila raia awe na kura yake moja basi. Wapo wanaosema ahadi iliwekwa, sasa itimizwe. Wanaandamana. Juzijuzi mbunge wao, binti mdogo, alichana muswada bungeni akaanzisha ngoma yao ya vita."

"Bungeni?"

"Bungeni."

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Wazee wakaisogeza mbali na macho, wakaona yule binti ametoa macho na wenzake wanapiga mapaja. Mtu akasema kama ni hivyo, na sisi tumpeleke mcheza ngoma mwenye nyoka Dodoma. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kwa muda kidogo uwanja ulikuwa mwepesi.

Masele akasimama. "Ndugu zangu, machifu walifutwa baba zetu wakiwa vijana. Walifutwa kwa sababu tulitaka nchi moja. Leo tunarudisha utawala wa ukoo kupitia mlango wa jikoni? Nyumba ya Sayi wakipewa mto, kesho ukoo wangu utadai kilima, wa yule utadai barabara. Mtoto wa mgeni aliyezaliwa hapa jana naye atasimama wapi? Sikatai mila. Nakataa mtu kunitawala kwa sababu ya babu yake."

Lilikuwa neno zito, nisiseme uongo. Wengi waliguna kukubali. Kijana mmoja wa kupakia mchanga akaongeza kwamba pamba ilikauka, mchanga ndio shamba lao sasa, na mto ukifungwa watoto wao wale nini. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Sayi akasimama na aproni yake. "Mimi sikuomba kazi hii. Ningekuwa na uchaguzi ningewaachia wengine jina wakae nalo. Sitaki mshahara, sitaki kiti wala muhuri. Nataka kitu kimoja. Mtu akitaka kuingia mtoni aniulize, na nikisema hapana, iwe hapana. Kuniuliza halafu mkafanya mnavyotaka, hilo tulikuwa nalo siku zote. Hilo ndilo lililotufikisha hapa."

Kila mtu akaangalia mahali pengine asimwangalie Anatoli.

Nilisimama mimi. "Mimi sijui mambo ya Wamaori. Ninachojua ni kwamba nimezaa mtoto na sina kaburi lake. Mkimpa Sayi usemaji, ataomba malori yasimame mpaka mvua. Mvua ikija mto utabadilika tena na sitampata kamwe. Ni hilo tu. Baada ya hapo chimbeni mpaka mfike ziwani."

Anatoli alikuwa anaiangalia meza. Alikohoa, fupi, ndefu, akasema, "Serikali ya kijiji imechaguliwa. Nyumba ya Sayi haikuchaguliwa. Mimi siwezi kugawa nusu ya kitu mlichonikabidhi kizima." Shingo yake ilikuwa imetoka mishipa. "Na mkisema leo kwamba mto una mwenyewe, basi mnasema kwamba siku ile mimi..."

Hakumalizia. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. Nilielewa kwa nini alikuwa anapigana. Kama mto hauna mwenyewe, basi mwanangu alikufa maji tu, kama watu wanavyokufa maji. Kama una mwenyewe, basi baba yake ndiye aliyeufunga mlango kwa amri yake.

Ikapigwa kura ya kusimama. Wanaokubali usemaji wa wawili waende upande wa mto, wanaokataa waende upande wa ofisi. Watu wakagawanyika. Niliona mume na mke wakiachana katikati ya uwanja, niliona mama mmoja ameenda ofisini akarudi mtoni akarudi ofisini, mpaka akatukanwa. Vumbi lilipotulia mtendaji alitazama huku, akatazama kule, akainua mabega. Pande zilikuwa sawa. Akamwambia mwenyekiti ndiye aamue.

Anatoli alisimama. Akakohoa, kama kawaida yake. Fupi, ndefu.

Akajibiwa.

Fupi, ndefu. Kilitoka upande wa mto, si karibu sana, wala si mbali. Uwanda ule hauna mwangwi, tumekulia pale, tungeujua. Masele aligeuka nyuma kuangalia nani anafanya mzaha. Sayi akaziba mdomo kwa aproni. Mimi sikuangalia mto, nilimwangalia mume wangu, kwa sababu nilikuwa nimekisikia peke yangu kwa miezi na nilitaka kujua. Uso wake ulikuwa umeisha damu. Na yeye alikuwa amekisikia.

Aliacha meza. Hakwenda upande wa ofisi, na hakwenda upande wetu. Alipita katikati yetu sote, moja kwa moja mpaka ukingoni, akainama akavua viatu, kwanza cha kushoto, kisha cha kulia, akavipanga vizuri kama mtu aliyefika nyumba ya wakwe. Mikono ikashuka pembeni.

"Hodi," akasema.

Mchanga ulikuwa mweupe, hakuna kilichotikisika.

"Hodi."

Sayi alikwishavua viatu, akasimama kando yake. Alisema kwa upole ambao sikujua anao, "Kwa jina, baba. Mto una watu wengi. Utajuaje unamtaka nani?"

Mume wangu alijaribu. Nikasogea, nikamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kabisa katika jua lile. Akalitoa jina kama mtu anayeng'oa jino.

"Hodi, Luhende. Mwanangu. Ni mimi baba yako, nimekosa kupiga hodi."

Ilikuwa ya tatu. Sasa ilikuwa zamu ya Sayi kuitikia karibu, na mdomo wake ulikuwa umefunguka. Hakuwahi. Kikohozi kikaja, fupi, ndefu, wazi kabisa, na safari hii hakuna aliyeangalia mtoni. Sote tuligeuka nyuma, kwenye kivuko.

Kilikuwa kimetoka ndani ya lori.

Khatibu ndiye aliyesogea wa kwanza. Alimpigia kelele dereva afungue mlango wa nyuma, kisha hakumngoja, akafungua mwenyewe. Mchanga ukamwagika chini. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu, sijui nilipandaje na umri huu. Hakuna aliyeshika koleo. Tulifukua kwa mikono, wa upande wa ofisi na wa upande wa mto, Masele na vijana wa kupakia, Deogratias na suruali yake ya kazini. Anatoli alikuwa kando yangu analia kwa sauti, na kila alipochota mchanga alisema jina, Luhende, Luhende, kana kwamba anataka kuyamaliza yote aliyokuwa ameyazuia.

Tulipata katambuga. Moja, ya kushoto. Luhende alizikata mwenyewe kutoka tairi la pikipiki, na mkanda wa kisigino aliuweka wa mpira mwekundu, kwa sababu alikuwa anajipenda. Sitasema kilichokuwa ndani yake. Mama yake ni mimi, na hilo ni langu.

Tulizika. Padri alikuja, Sayi alikuja na bakuli lake, na wote wawili walikaa benchi moja bila kusukumana. Kaburi ni dogo. Watu waliokuwa upande wa ofisi walivuka wenyewe siku ile ya mkutano, hakuna aliyewaomba, na mtendaji akaandika kwamba hoja imepita. Masele alivuka wa mwisho, akaniambia bado anaamini alichosema, ila miguu yake haikutaka kubaki kule. Nilimwambia wabeja, ahsante, yatosha.

Sasa pale kivukoni lori linasimama. Anatoli anasaini, na Sayi anasaini na vidole vyenye mafuta, na akikataa, linageuza. Halmashauri walimtuma mtu kutuambia kwamba sheria haimtambui msemaji wa pili. Deogratias amemjibu kwa maneno marefu, na mabishano yanaendelea, nadhani yataendelea mpaka tuwe vumbi. Mchanga kutoka kivukoni kwenda chini umefungwa mpaka mvua. Tumefukua kote, na hatujapata zaidi. Sayi alitutazama siku ya mwisho, akasema mto umeshatoa chake. Yaliyobaki, serikali ilishayapigia muhuri, yako mjini.

Kwa hiyo kila Jumamosi tunakwenda Bariadi, mimi na mume wangu. Tulianzia kwa Khatibu. Alibomoa kile kipande cha ukuta mwenyewe, hakumwita fundi, akatukabidhi kifusi chake kwenye gunia safi, nasi tukakizika pamoja na ile katambuga ya kushoto. Doa limehamia ukuta wa pili.

Tunatembea mtaa kwa mtaa, kwenye nyumba mpya. Anatoli ananiita mama Luhende tena. Akiona ukuta wa mwaka huu anavua viatu, mwenyekiti mzima, barabarani, bodaboda zinampigia honi na watoto wanamcheka. Anakohoa, fupi, ndefu. Kisha anapiga hodi kwa jina, na mimi naegemeza sikio kwenye saruji. Mpaka sasa hajaitikiwa. Lakini hatuondoki kwenye ukuta wowote kabla ya hodi ya tatu.